Kibarua cha wiki tatu kilichokaribia kuninyima malipo ya kukosa kazi

Siku niliyoachishwa kazi sikulia. Nililia karibu miezi mitatu baadaye, nimesimama jikoni na barua ya jimbo mkononi, binti yangu mkubwa akinisomea sentensi ileile kwa mara ya tatu: kwamba nimeacha kazi kwa hiari yangu, na kwa sababu hiyo sistahili tena kulipwa. Sikuwa nimeacha kazi yoyote. Nilikuwa nimefanya kibarua cha wiki tatu kupitia ajensi, yaani kampuni inayoajiri watu na kuwapeleka kwenye kazi za muda, kikaisha, nikarudi nyumbani.

Ninaishi Cedar Rapids, jimbo la Iowa, Marekani. Nilizaliwa Fizi, Kivu Kusini, nikakulia kambi ya Nyarugusu huko Kigoma, nikafika huku mwaka 2016. Hapa mjini tuko wengi tunaozungumza Kiswahili, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, na wengi wetu tunafanya kazi viwandani na kwenye maghala, kazi ambazo huachisha watu bila kelele. Ndiyo maana nayaandika haya. Kila jimbo lina sheria yake, kwa hiyo tarakimu nitakazotaja ni za Iowa mwaka 2023. Aliye Kentucky, Texas au Maine aulize za kwake kabla hajafanya lolote.

Kiwanda chetu kilikuwa kinatengeneza vyombo vya plastiki vya kufungia chakula. Nilikuwa nimekaa pale tangu 2019, kwenye laini ya kupanga na kufunga, dola 18 kwa saa. Baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka oda zikapungua. Ijumaa tarehe 13 Januari msimamizi akatuita watu tisa chumba cha mapumziko, akatushukuru, akatupa bahasha. Nilikwenda kumchukua mtoto shule kama kawaida. Usiku ndipo nikaanza kuhesabu: kodi ya nyumba dola 875, gari, simu, chakula cha watu watano, na mume wangu anafanya usafi usiku kwenye nyumba ya wazee, saa zake hazitimii wiki nzima.

Kosa la kwanza lilikuwa kusubiri. Dada mmoja niliyemheshimu aliniambia nisiombe, kwamba ile ni pesa ya serikali na itanifuata nitakapoomba uraia. Nikaogopa, nikakaa siku kumi na moja nikitafuta kazi kwa miguu yangu. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba malipo ya kukosa kazi ni bima. Mwajiri huilipia kodi kila mwaka kwa ajili ya wafanyakazi wake, na aliyeachishwa bila kosa lake anastahili kuidai. Hayahesabiwi kama kuwa mzigo kwa serikali unapoomba karatasi zako. Lakini dai linahesabiwa kuanzia Jumapili ya wiki uliyoomba, si kuanzia siku uliyoachishwa. Niliomba Jumanne tarehe 24, likaanza Jumapili tarehe 22. Wiki nzima iliyotangulia ilipotea, dola 468, kwa sababu ya maneno ya mtu ambaye naye alikuwa ameyasikia kwa mtu.

Hizo 468 zilitoka wapi? Iowa huchukua robo mwaka ambayo ulilipwa zaidi, yangu ilikuwa dola 9,360, kisha huigawanya kufuatana na wategemezi ulionao. Asiye na mtegemezi, hugawanywa kwa 23. Mimi nina watoto watatu, ikagawanywa kwa 20. Na tangu Julai 2022 jimbo limepunguza muda wa kawaida kutoka wiki 26 hadi wiki 16. Kwa hiyo fungu langu lote lilikuwa 468 mara 16, dola 7,488. Naomba msomaji aishike tarakimu hiyo, maana ndiyo iliyokuwa mezani baadaye.

Kila wiki, kuanzia Jumapili hadi Ijumaa jioni, unaingia kwenye mtandao wa jimbo na kudai wiki iliyopita. Unajibu kama uliweza kufanya kazi, kama ulikataa kazi, kama ulipata kipato. Unaandika pia juhudi nne za kutafuta kazi kwa wiki hiyo, na angalau tatu kati yake ziwe maombi ya kazi yenyewe. Wiki nne za kwanza nililipwa bila tatizo, nikaanza kupumua.

Wiki ya tano ajensi ikanipigia. Ghala moja lilikuwa na mzigo mwingi, wanahitaji watu wa kufunga maboksi, dola 16 kwa saa, zamu ya mchana, wiki tatu hivi. Nilikubali palepale. Kwanza nilitaka kazi. Pili, kukataa kazi inayokufaa nako kunaweza kukufungia malipo, na kadiri wiki zinavyopita ndivyo mshahara unaohesabiwa kuwa "unafaa" unavyoshuka.

Jioni hiyo jirani yangu, mama mzee kidogo kwangu, akaja na ushauri wake: "Mama Neema, usiseme. Ukisema watakukatia." Simlaumu. Huo ndio ushauri tuliolelewa nao. Kambini Nyarugusu tuliishi kwa kadi ya mgao, na aliyepata kibarua cha kulima kwa mwenyeji kijijini alikifanya kimya, kwa sababu kutoka kambini bila kibali lilikuwa kosa, na hakuna aliyetaka mtu wa ofisi ajue kuna mkono mwingine unaomlisha. Tulijifunza kwamba kipato ni kitu cha kuficha. Tumevuka bahari na somo hilo, na huku linatuumiza, kwa sababu ajensi hupeleka taarifa za mishahara yako kwa jimbo, kwa namba yako ya hifadhi ya jamii. Kompyuta zitakutana tu. Wakikuta umeficha makusudi, unarudisha pesa yote na kuongezewa faini ya asilimia 15, na unaweza kufungiwa kwa muda mrefu.

Kwa hiyo sikuficha. Niliamua kusema kila kitu, na nikasema vibaya.

Hapa naomba twende polepole, maana ndipo wengi wanapoangukia. Nilianza kibarua Jumatano tarehe 22 Februari. Wiki hiyo nilifanya siku tatu, saa 24, dola 384 kabla ya makato. Lakini ajensi hulipa Ijumaa ya wiki inayofuata. Jumapili nilipodai, swali likauliza kama nilipata kipato wiki ile. Nikatazama akaunti, hakuna kitu, nikajibu hapana. Wakanilipa 468 kamili. Wiki ya pili nilifanya siku tano, dola 640, lakini hundi iliyoingia ilikuwa ya wiki ya kwanza, dola 340 baada ya makato. Nikaandika 340, wakanilipa 245. Wiki ya tatu nikaandika pesa ya wiki ya pili. Na wiki ya nne, ambayo sikufanya kazi hata saa moja, nikaandika pesa ya wiki ya tatu, wakanilipa sifuri.

Mimi niliona nimekuwa mwaminifu, kila dola niliyoipokea nimeitaja. Kumbe sheria haitaki hivyo. Unaandika pesa uliyoitolea jasho katika wiki ile, Jumapili hadi Jumamosi, hata kama hujalipwa bado. Na unaandika kabla ya makato, siyo kinachofika mkononi. Chukua saa ulizofanya, zidisha kwa malipo ya saa, andika jibu. Ningefanya hivyo tangu wiki ya kwanza, nisingehitaji hundi wala kumuuliza mtu.

Halafu wao wanapunguza, lakini hawapunguzi yote. Robo ya malipo yako ya wiki haiguswi. Robo ya 468 ni 117. Wiki ile ya kwanza, 384 toa 117 zinabaki 267, na hizo 267 ndizo zinazotolewa kwenye 468. Nilistahili 201. Ukijumlisha na mshahara ni dola 585, zaidi ya kukaa nyumbani. Ukifanya kazi ukapata zaidi ya malipo yako ya wiki na dola 15 juu, kwangu 483, wiki hiyo hulipwi kitu.

Na jambo ambalo hakuna aliyeniambia, ambalo lingenituliza moyo sana: pesa ambayo hukulipwa wiki hiyo haijapotea. Inabaki kwenye fungu lako la 7,488, unaweza kuitumia baadaye ndani ya mwaka wa dai lako ukikosa kazi tena. Kibarua kinarefusha fungu. Kwa wiki zile tatu nilipata dola 1,664 kabla ya makato, na fungu langu lingepaswa kupungua kwa dola 201 tu. Jirani yangu aliogopa "watakukatia," na kwa kweli walikuwa wananiwekea.

Kibarua kikaisha Ijumaa tarehe 10, mwezi wa tatu. Msimamizi wa ghala akasema mzigo umekwisha, asanteni, ajensi itawapigia. Nikarudisha kitambulisho na glavu, nikaenda.

Kama ningeweza kurudi nyuma na kubadili siku moja tu, ningebadili Ijumaa ile. Sheria ya Iowa inasema mfanyakazi wa ajensi ambaye kazi yake ya muda imekwisha, lazima aijulishe ajensi yenyewe ndani ya siku tatu za kazi na kuomba kupangiwa nyingine. Asipofanya hivyo, anahesabiwa kuwa ameacha kazi kwa hiari. Ajensi inatakiwa ikujulishe jambo hilo kwa karatasi ya peke yake, mbali na mkataba, usaini na upewe nakala. Karatasi hiyo nilikuwa nimeisaini. Ilikuwa katikati ya karatasi nyingine nyingi nilizosaini kwa dakika kumi, kwa Kiingereza, nikiwa nimesimama kaunta na watu nyuma yangu. Nakala yake ilikuwa kwenye droo yangu ya jikoni miezi yote hiyo. Ukitoka ajensi na bunda la karatasi, tafuta mtu akusomee moja baada ya nyingine usiku uleule, hata kama umechoka.

Kumwambia msimamizi wa ghala si kuijulisha ajensi. Yule si mwajiri wako. Nilisalimika kwa sababu ambayo haikuwa akili yangu: nilikuwa na haraka ya pesa. Jumatatu asubuhi nilipiga simu ajensi, hakuna aliyepokea, nikaacha ujumbe wa sauti kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Jumanne tarehe 14 binti yangu akanisaidia kuandika ujumbe mfupi kwa namba ileile ambayo ajensi ilikuwa imenitumia anwani ya ghala. Maneno machache tu: kazi imeisha Ijumaa, mna kazi nyingine? Hawakujibu. Nikausahau.

Siku kumi na nne baadaye nikapigiwa simu na mtu wa jimbo, mkalimani yuko kwenye laini. Waliuliza nini kilitokea na ile kazi ya ajensi. Nikajibu kama ambavyo yeyote kati yetu angejibu: "Nilitoka pale tarehe kumi." Nikaeleza sasa natafuta kazi nyingine. Dakika nane, simu ikakatwa, nikarudi kukoroga ugali.

"Nilitoka." Sisi tunasema "nimetoka kazini" kwa mtu aliyemaliza zamu, aliyefukuzwa, aliyestaafu na aliyeacha mwenyewe. Kwa Kiingereza neno likachaguliwa moja, na lililochaguliwa lilikuwa la mtu aliyeondoka kwa mapenzi yake. Ajensi nayo ilikuwa imejibu kwamba haina kumbukumbu yoyote ya mimi kuwajulisha. Uamuzi ukaandikwa tarehe 31, mwezi wa tatu.

Baada ya hapo nimewaambia wanawake wengi wa kanisani kwetu, na nawaambia na nyinyi: mbele ya mkalimani usiseme nilitoka, usiseme niliacha, usiseme nilimaliza nao. Sema: "Kazi ilikwisha. Mwajiri aliniambia hakuna kazi tena. Mimi nilitaka kuendelea." Sentensi fupi, moja moja, umngoje amalize. Na kama Kiswahili chake hakifanani na chako, sema hapohapo. Yule wa kwanza alikuwa na lafudhi ya pwani, akiongea haraka, mara mbili sikumwelewa na mara mbili nilijibu "ndiyo" kwa adabu. Adabu ile nusura initoe njiani.

Barua yenyewe ilifika tukiwa na wiki ya Pasaka mbele yetu. Mume wangu aliitoa kwenye sanduku akaiweka pamoja na matangazo ya pitsa na bima za magari. Niliikuta Alhamisi tarehe 6 Aprili. Muda wa kukata rufaa Iowa ni siku kumi tangu tarehe iliyoandikwa kwenye uamuzi, si tangu siku uliyoufungua. Nilikuwa na siku nne, na ndani yake Ijumaa Kuu, Jumamosi na Jumapili ya Pasaka.

Ndipo nilipolia. Binti yangu aliendelea kusoma: nisingelipwa tena mpaka nifanye kazi na kupata mara kumi ya malipo yangu ya wiki, yaani dola 4,680. Kwa dola 16 kwa saa hizo ni zaidi ya wiki saba za kazi ya saa 40, kazi ambayo sikuwa nayo. Bima yote ya miaka minne ya kiwandani ilikuwa imefungwa na kibarua cha wiki tatu. Hilo ndilo ambalo watu hawalijui: ukihesabiwa kuwa umeacha kazi ya mwisho, unafungiwa na zile pesa za kazi ya kwanza pia, hata kama kule uliachishwa bila kosa.

Ijumaa Kuu, kabla ya ibada, kaka mmoja wa kwaya alikuja na kompyuta yake tukaandika rufaa mtandaoni. Haikuwa ndefu. Sikubaliani na uamuzi, kazi ya muda ilikwisha, niliijulisha ajensi kwa simu na kwa ujumbe, naomba mkalimani wa Kiswahili. Huhitaji wakili ili kukata rufaa, wala huhitaji Kiingereza kizuri. Unahitaji kuwahi. Ushahidi unaweza kufuata. Kwa wasio na pesa kuna pia Iowa Legal Aid, ambao husaidia bure, na mimi ningewatafuta mapema zaidi kama ningejua wapo.

Kisha nikafanya kosa ambalo bado linaniuma. Wiki iliyofuata sikudai. Nilikuwa nimevunjika moyo, na rafiki yangu akaniuliza, "Umeshakataliwa, sasa unadai nini?" Nikaona ana haki. Kaka wa kwaya aliponiuliza Ijumaa usiku kama naendelea kudai kila wiki, dirisha lilikuwa limeshafungwa. Akanieleza: rufaa ikishinda, wanalipa zile wiki ulizoendelea kudai tu. Ambayo hukudai, ushindi hauifikii. Na dai lililokatika lazima lifunguliwe upya. Tukalifungua Jumamosi tarehe 15, kwa bahati bado tukiwa ndani ya wiki ile, likaanza kuhesabiwa Jumapili iliyotangulia. Nilipoteza wiki moja badala ya mbili. Dola nyingine 468.

Mwezi ule tuliishi kwa likelemba. Kina mama kumi na wawili tunachangiana kila mwezi, na zamu yangu ilikuwa ya mwezi wa tisa. Niliomba wanibadilishie. Aliyekuwa na zamu ya Aprili akanipa yake, dola 1,200, bila kuniuliza maswali mawili. Mwenye nyumba alitutoza dola 50 ya kuchelewesha kodi, mara mbili. Watoto walijua, ingawa hatukuwaambia. Wa katikati aliacha kuomba pesa ya safari ya shule, nikagundua safari ilipokwisha kupita.

Kuhusu kusikilizwa kwa rufaa, ningependa mjue yafuatayo, kwa sababu hofu yangu kubwa ilikuwa ya kutojua. Hufanyika kwa simu. Unatumiwa barua yenye tarehe na saa, na lazima uandikishe namba ya simu utakayopatikana kabla ya siku hiyo. Usipoandikisha, au usipopokea, unaweza kushindwa bila kusikilizwa. Ushahidi wako, karatasi na picha za simu, unaupeleka mapema kwa hakimu na pia kwa upande wa pili. Ukiutoa siku ileile, huenda usitazamwe. Mimi nilipeleka vitu viwili: orodha ya simu kutoka kampuni yangu ya simu, inayoonyesha Jumatatu tarehe 13 nilipiga namba ya ajensi saa tatu na dakika 12 asubuhi kwa sekunde 41, na picha ya ujumbe wa Jumanne. Juu ya ujumbe huo, katika mazungumzo yaleyale, ulionekana ujumbe wao wa Februari wenye anwani ya ghala. Kaka wa kwaya ndiye aliyeshauri nisiukate. Ulithibitisha kwamba namba ile ni yao.

Ilikuwa mapema mwezi wa tano. Nilikaa ndani ya gari, maana nyumbani kuna mtoto mdogo. Nikaapishwa kwa Kiswahili. Mkalimani wa safari hii alizungumza taratibu, na nilipokwama kwenye neno, aliomba ruhusa ya hakimu kuniuliza nina maana gani. Hakimu alikuwa mwanamke, sauti ya utulivu. Alisoma maneno niliyosema kwenye ile simu ya mwezi wa tatu, kwamba "niliondoka." Nikaeleza kwamba katika lugha yetu kutoka ni kumaliza pia. Nikasema sentensi zangu tatu. Mtu wa ajensi alisema karatasi nimeisaini, na ni kweli, nikakubali. Akasema hakuna ujumbe uliofika. Hakimu akamwomba asome namba iliyo juu ya picha. Akaisoma. Kimya kikapita. Akasema ndiyo, ni simu ya ofisi yao, lakini aliyekuwa nayo hayupo tena.

Dakika 40 zote. Nilibaki garini nikitetemeka, na nje hewa ilikuwa imejaa ile harufu ya nafaka zinazochomwa viwandani, ambayo mwaka wa kwanza ilinitia kichefuchefu na sasa ndiyo harufu ya nyumbani.

Uamuzi ulifika baada ya wiki moja. Nilishinda. Waliona nilijulisha ndani ya siku tatu na kuomba kazi nyingine.

Lakini rufaa haikufuta hesabu zangu mbovu. Nilikuwa nimeshapiga simu mwenyewe kueleza kwamba niliandika pesa za wiki zisizo zake, na naamini kule kujitokeza mapema ndiko kulikofanya wahesabu kuwa ni kosa, si udanganyifu. Walirekebisha wiki zote nne. Wiki ya kwanza walinizidishia 267, ya pili 245, jumla 512. Wiki ya nne walikuwa wamenipunja 468 kwa sababu niliandika kipato ambacho hakikuwapo. Nikabaki nadaiwa dola 44, wakazikata kwenye malimbikizo ya wiki sita, dola 2,808. Nilipokea 2,764 kwa mara moja. Siku hiyohiyo nikalipa likelemba.

Kitu cha mwisho ambacho sikukijua ni kodi. Malipo haya ni kipato, yanatozwa kodi ya taifa. Unapoomba, wanakuuliza kama wakukatie asilimia 10 kabisa. Nilijibu hapana kwa sababu kila dola ilikuwa na kazi yake, na mwezi wa pili mwaka 2024 tulipokuwa tunajaza kodi, marejesho yetu yalikuwa madogo kuliko tulivyoyapangia. Mwenye uwezo wa kukatwa, akubali akatwe.

Nilipata kazi ya kudumu mwisho wa Mei, jikoni kwenye hospitali. Siku hizi kuna daftari la shule la mwanangu ninalowaazima kina mama wanaoitwa na ajensi. Kila ukurasa ni wiki moja, Jumapili hadi Jumamosi: saa, malipo ya saa, jibu lake kabla ya makato, maombi ya kazi niliyopeleka. Kwenye jalada la ndani nimebandika ule ujumbe wa tarehe 14 kwa Kiingereza, herufi kubwa, na nafasi ya kujaza tarehe. Juzi Mama Estera ameanza kibarua cha wiki sita kwenye ghala lilelile. Tumeuandika kwenye simu yake tayari, na namba ya ajensi imewekwa juu. Kitu kinachosubiriwa ni siku kazi itakayokwisha.